Pampu ya Baba Haiuzwi

Nangara,
Babati.
9 Septemba, 1984

Mpendwa kaka Wolfgang,

Shikamoo. Hali yako huko Dar es Salaam, na joto lenu hilo? Wifi Romana hajambo? Na Elibariki, ule mkono aliouvunja umeunga vizuri? Sisi huku ni wazima, isipokuwa mama, magoti yanamsumbua tangu baridi ya Julai. Sabuni uliyotutumia imefika. Nimeikata vipande vidogo na kuificha, maana dukani hakuna na majirani wana macho. Asante sana, Mungu akuzidishie.

Barua yako nayo imefika. Kwa barua hiyo sikushukuru.

Umeandika kwamba pampu ya marehemu baba imekufa, kwamba umeshapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu wa Arusha, na kwamba kazi yangu ni kumfungulia stoo tu. Kaka, wewe ndiye mkubwa, na mali ya baba una sauti nayo, sikatai. Lakini pampu haijafa, na stoo sifungui. Usikunje uso, soma hadi mwisho.

Ni kweli ilitusumbua. Unakumbuka ilivyo: kompresa inasukuma upepo, upepo unasukuma viwambo viwili vya mpira ndani ya pampu, na viwambo hivyo vinavuta maji ya shimoni ili shemeji yako Paskasi achimbe kisima bila kuzama. Tangu tumzike baba, kila ikikaribia adhuhuri pampu ilikuwa inapunguza mwendo, inakohoa, inasimama. Ukigusa pale inapotolea upepo, barafu! Jua linachoma utosi, na chuma kimeota barafu nyeupe. Jirani yetu Jovita akasema baba hajaridhika huko aliko. Mama akainyunyizia maji ya baraka, nayo yakaganda. Wee, siku hiyo watu walitawanyika! Ndipo Paskasi alipokata tamaa akakuandikia kwamba imekufa.

Sasa sikia. Unakumbuka baba alivyokuwa akipiga magoti kila asubuhi kando ya kompresa kabla ya kuiwasha? Sote tulijua anasali. Paskasi aliporithi kazi, naye akawa anapiga magoti, anafanya ishara ya msalaba, anainuka, anawasha. Hakuacha hata siku moja. Nilipopata barua yako nikaenda peke yangu, nikapiga magoti palepale pa baba, kwa hasira zaidi kuliko imani. Nikainamisha kichwa, na mbele ya macho yangu, chini kabisa ya tangi la upepo, nikaona koki ndogo. Ukiwa umesimama huioni. Nikaifungua. Kaka, yalitoka maji ya kutu, karibu yajaze ndoo!

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Baba alikuwa akisali, sawa, lakini alikuwa akimwaga maji pia. Sisi tukachukua sala tukaacha koki. Maji yale yalikuwa yanabebwa na upepo mpaka kwenye pampu, na kwa kuwa upepo unapoa sana unapotoka kwa nguvu, yakawa yanagandia kwenye tundu la kutolea upepo na kuliziba. Siku hizi Paskasi anapiga magoti, anasali, anafungua koki, na kazi inakwenda mpaka jioni. Yeye mwenyewe anajicheka.

Usidhani matatizo yameisha. Juzi ilianza kupiga mbiombio bila kuleta maji. Nikajua inavuta hewa. Nikakuta mpira wa kuvutia maji umepasuka, nikaufunga kwa utepe wa tyubu. Kabla ya hapo ilikuwa inatema maji kwenye tundu la upepo, maana yake kiwambo kimetoboka. Spea hakuna Babati, hakuna Arusha, na wewe mwenyewe umeniambia hata huko kwenu hakuna. Nikakata kiwambo kwenye tyubu kuukuu la trekta. Najua hakitadumu. Kikitoboka nitakata kingine, na kingine tena, mpaka matrekta yote ya huku yaishe tyubu!

Mnunuzi wako alikuja Alhamisi, barua yako mkononi. Alikuja kubeba chuma kilichokufa, akakuta kinamwaga maji mtaroni. Akacheka kwa furaha, akasema, "Kumbe nzima, Mama Leonia! Basi naichukua pamoja na kompresa yake." Nikamwambia yeye aliuziwa iliyokufa, na hiyo sisi hatunayo, akaitafute kwingine. Ameondoka amenuna, anasema atarudi na lori, na wewe mwenyewe ukiwa ndani.

Kaka, hebu jiulize. Mama amebeba maji ya ziwani tangu tukiwa wadogo, akiviziana na viboko alfajiri, ndipo wewe na mimi tukanawa tukaenda shule. Leo magoti yamekataa. Kisima kimefika kwenye maji mazuri, lakini lazima tukijengee kwa mawe kabla ya mvua za vuli, la sivyo kuta zitaporomoka. Bila pampu hakuna mtu atakayeweza kusimama mle chini akajenga. Ukichukua pampu, umechukua kisima. Imeniuma sana kwamba hukuliona hilo.

Sasa nikuambie nilichofanya, sitaki ukisikie kwa watu. Ndani ya pampu mna gololi nne zinazozuia maji yasirudi chini. Kila jioni nazitoa. Bila hizo pampu inapiga kelele tu, haipandishi hata tone. Zinalala kwa mama, kwenye kifuko cha rozari yake, na ni yeye aliyeniambia nizilete. Ukija na lori, usinitafute mimi. Nenda pale kitandani kwake, mwamkie, kisha mwombe kwa mdomo wako mwenyewe.

Paskasi anakusalimu, na Leonia anamwamkia mjomba wake. Nisalimie sana wifi Romana na Elibariki. Mungu awalinde safarini na nyumbani. Kisima kikiisha njoo, lakini njoo bila lori. Kikombe cha kwanza atakunywa mama, cha pili nimekuwekea wewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyefungua stoo,
Hilaria