Damu Niliyokwambia ni Safi

Maabara, Chumba cha Hadubini,
Ghorofa ya Pili,
9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Kile kikohozi kimeisha? Sisi huku wazima. Goti la Mama limepoa na ameanza tena kugombana na majirani, kwa hiyo ujue amepona. Simu yako siku tatu haipatikani, ndiyo maana naandika. Dereva wa kazini kwenu ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi.

Nisizunguke. Kila mwaka maabara kadhaa hutumiwa damu ileile, imepigwa mionzi kwa kiasi anachokijua mtumaji peke yake. Tunahesabu kromosomu zilizovunjika zikaungana vibaya, tunakadiria kiasi, halafu tunalinganishwa. Safari hii wenzetu wote walikaribia kiasi chenyewe. Mimi nilikadiria chini mno kwenye mirija yote minne ya damu hiyo! Kaka, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bosi hakufoka. Alikaa nyuma yangu nikihesabu, kisha akauliza, "Chembe hiyo ya damu mbona umeiruka?" Nikasema imekaa hovyo, kromosomu zimelaliana. Basi! Unanijua, shuka likiwa na mkunjo silali. Miaka yote nimekuwa nikiruka chembe zenye vurugu, na madhara mengi yako humohumo.

Hapo nikakukumbuka wewe. Mwaka jana, kile kifaa chenu cha mionzi cha kupigia picha mabomba kilipokwama wazi, damu yako niliihesabu mimi. Nikakwambia, "Uko safi, rudi kazini." Ukacheka, ukaniita Macho Manne, ukarudi.

Vioo vya damu yako bado viko kabatini. Nimeficha jina, nikampa mwenzangu. Katika chembe mia tano mimi niliandika moja tu yenye kromosomu mbovu. Yeye ameona saba. Bosi akarudia: saba.

Hiyo haina maana kwamba unaumwa. Ila mionzi imekuingia kuliko nilivyokwambia, na usiongezewe hata kidogo. Kaka, nakusihi, usikishike tena kile kifaa. Humu ndani mna barua ya bosi kwa msimamizi wako. Panda gari hilohilo la dereva uje. Ukitaka kunigombeza, nigombeze ukishafika.

Mwite na Kicheko, fundi mliyekuwa naye siku ile. Naye nilimhesabia mimi.

Mama na watoto wanakusalimu sana. Wifi pia, amenifuata hapa kazini, amekaa mbele yangu, anadhani nakuandikia habari za goti.

Mungu akulinde njiani. Safari hii atahesabu mwenzangu. Mimi nitakushika mkono tu wakati wa sindano.

Dada yako akupendaye, aliyekosea,
Macho Manne