Mchana wa Ogembo, Usiku Wako

Kaka yangu Mogaka,

Nimepata barua yako ukisema utakuja mwisho wa Januari na mkeo na marafiki zako. Unaniagiza nipake ukuta chokaa, nipike, niwaonyeshe wageni "ule mto mdogo mzuri" wa Ogembo. Nimeisoma nimesimama, hasira haikuniruhusu kukaa.

Mto mdogo! Nguo zako za shule nani alizifua pale Gucha? Na ni pale pale mtoni, wiki ile uliyokwenda Amerika, uliponieleza mambo ya saa. Ulishika chungwa ukalizungusha juani. "Moraa, hapa ikiwa saa sita mchana, kule ni saa tisa usiku." Nilikuwa nimekubaliwa chuo cha ualimu, nikakuuliza mama atabaki na nani. Ukasema, "Ningoje miaka minne tu. Nikirudi nitamtunza mimi, nawe uende." Baba hakuwepo tena duniani. Wewe ndiwe uliyekuwa na neno la mwisho nyumbani. Nikangoja.

Ulituandikia juu ya mji wako wa kando ya ziwa: meli kubwa kama mlima, na kipupwe ziwa linaganda hata magari yanapita juu yake, watu wakitoboa barafu kuvua samaki. Mama alishangaa: "Sasa maji ya kunywa wanachota wapi?" Sisi tulichota Gucha, mvua ikinyesha yanakuwa mekundu kwa udongo, tunaacha yatulie kwenye mtungi ndipo tuchemshe.

Mama aliishi kwa saa zako, kaka. Watoto wakipiga kelele mchana aliwatimua uani. "Nyamazeni! Mogaka amelala."

Jirani yetu Mama Kwamboka akacheka. "Jua hili lote?"

"Kwake ni usiku," mama akajibu, wala hakucheka.

Ijumaa jua likizama, tukiingia Sabato, alikuhurumia: "Kule ndiyo kwanza asubuhi, mwanangu bado yuko kazini. Jioni yake ikifika, atasali?" Nikamwambia utasali. Nilisema tu ili ale chakula chake.

Miaka minne ikapita, ikaja mingine. Ukapata shahada, ukapata kazi, ukaoa, ukanunua nyumba inayotazama ziwa. Mimi nilichuma chai kwenye baridi ya asubuhi, na mama alipoanguka asiweze tena kutembea, nilimbeba mgongoni hadi kwa daktari. Nilikupigia simu ya maandishi kutoka posta: njoo. Hukuja. Alipokufa nikapeleka nyingine. Baba mdogo akasema, "Tusubiri. Mwana wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini." Tulisubiri mpaka mzee wa kanisa akasema haiwezekani tena. Udongo nikautupa mimi, mtoto wa kike, wazee wakitazama chini kwa aibu.

Kisha ukaniandikia: "Pole sana dada. Kwa hesabu yangu, mlipokuwa mnamzika nilikuwa usingizini."

Wewe ni msomi, na hesabu hiyo ndiyo uliyoona itanifaa! Kama ziwa lenu lilikuwa limeganda, ndege nazo ziliganda? Nani alikuuliza ulikuwa umelala au umeamka? Tulikutaka hapa, miguu yako ikanyage shamba hili la migomba.

Sasa nisikilize. Niliomba tena chuo cha ualimu. Mkuu wa chuo akatazama umri wangu, akauliza, "Mbona umechelewa hivi?" Nikamjibu, "Nilikuwa namngoja mtu." Amenipokea.

Ukifika nitakuwa nimeshaondoka. Sikupaka chokaa. Ufunguo uko kwa Mama Kwamboka. Kaburi liko nyuma ya jiko, nimelipalilia mwenyewe, wageni wako wasilikanyage. Mpeleke mkeo pale, umwambie mama jina lake. Na akikunyamazia, usimtume mtu kuniita nije kusema kwa niaba yako.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Moraa