Dagaa Wetu Huku Mau Narok

Mau Narok, kupitia Nakuru

Kwako kaka yangu Kulwa,

Nakuamkia, na mama mpe shikamoo yangu. Kifua chake kimetulia? Mimi mwili ni mzima, baridi tu inanitafuna. Moyo ndio mgonjwa, na wewe kaka una mkono wako humo.

Dagaa walifika. Meli iliwashusha Kisumu, treni ikawaleta Nakuru, nami nikawapandisha huku shambani kwa lori la ngano. Ulisema Kenya na Tanganyika ni nyumba moja: shilingi moja, treni moja, hata stempu moja. Wao wale dagaa wetu, sisi tule viazi vyao. Nami nikaona ni kweli, kwa sababu vibarua wa huku hupewa posho ya unga bila kitoweo. Ndiyo maana nilikubali uuze ng'ombe wa mahari yangu ununulie dagaa.

Jumapili nikafungua gunia mbele ya nyumba za vibarua. Watu wakaja, wakanusa, wakarudi nyuma. Mama mmoja jirani yangu, ambaye hunipa maziwa, akaniuliza kwa upole, "Mtanganyika, hii iko na macho. Mnakula?" Nikatafuna mmoja ili waone. Nyapara akacheka mpaka akakaa chini.

"Sisi hapana kula nyoka ya maji," akasema.

Kaka, sisi tumezaliwa ziwani. Haikutupitia akilini kwamba kuna binadamu asiyekula samaki, wala hatukuuliza. Pale stesheni ya Nakuru wapo wanaokula, lakini hao ni watu wa Kisumu, huletewa na ndugu zao.

Memsahibu, mke wa mwenye shamba, ndiye aliyewachukua wote, kwa bei ya pumba. Amewasagisha wawe chakula cha kuku. Kila asubuhi kuku hao nawalisha mimi, maana ndiyo kazi niliyopewa sasa.

Viazi sitatuma, sina cha kununulia. Na usiniambie tena habari za nchi mbili kusaidiana. Huenda siku moja zitasaidiana kweli, ila ng'ombe watoe wengine.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, na babu mlinzi wa kiwanda cha pamba. Halafu nenda kwa baba yake mchumba wangu Nyamizi, wewe mwenyewe, usitume mtu. Usimdanganye kwamba ng'ombe wako njiani. Mwambie wameliwa na kuku wa memsahibu, na kama kuna mwingine anayemtaka Nyamizi, amwoze.

Ni mimi mdogo wako,
Shija