Stendi Aliyonikataza Mtani Wangu

Jumamosi, jioni. Ipuli. Jua la leo limewaka kama lina kesi na mtu, na vumbi nimelitafuna mpaka meno yanalia.

Shajara, andika hivi: mimi ni mtu wa bahati. Nimetembea, mimi. Bujumbura nimekula samaki wa mikeke, Mombasa nimelala, Dar kuna mitaa wananiita mjomba. Lakini bahati ya leo imezidi zote. Baba yangu, aliyeikimbia kamera yangu miaka kumi na moja, amevaa koti, amekaa kwenye kiti, na mimi nimesimama nyuma yake nikamwekea mkono begani. Picha imeingia safi kabisa. Nani mwingine ana bahati hiyo Tabora hii?

Sasa niache nikasirike.

Hasira yangu ni ya stendi. Hii miguu mitatu ya kuwekea kamera. Yangu ya zamani ilikuwa ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, ikavunjika mguu kwenye harusi moja Nzega. Nikasema basi, safari hii nanunua nyepesi na ya bei ya mtu wa kawaida. Vijijini naenda kwa bodaboda, begi mgongoni. Siwezi kubeba nguzo ya umeme.

Duka nililoenda ni la mtani wangu, Mzaramo aliyekuja hapa mjini akaoa akabaki. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu mababu zetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo kwenda pwani. Na sheria ya utani ni moja: aseme lolote, hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa.

Akaniwekea mbili juu ya meza. Moja ya alumini, fupi kidogo, kama kilo moja na nusu, kichwa chake kina mpini wa kugeuzia. Nyingine ndefu, ya bluu, unainyanyua kwa kidole, kichwa chake cha gololi kinazunguka kila upande, na skrubu ya kukazia ni ya plastiki. Bei karibu sawa.

"Mtani, chukua ya mpini," akasema. "Lenzi yako nzito. Hii gololi itainama kama Mnyamwezi aliyeona ugali."

"Mzaramo unajua nini habari za mizigo?"

"Ndiyo maana nakushangaa! Babu yako kabeba pembe mpaka Bagamoyo, wewe kilo moja na nusu inakutoa jasho?"

Duka zima likaangua kicheko. Nami nikafanya kile anachofanya yeyote akitaniwa mbele za watu: nikachukua kinyume cha alichosema. Ya bluu. Hata kuifunga kamera nione kama kichwa kinashika, sikuifunga. Nikatoka nayo nimeining'iniza kwenye kidole cha mwisho, watu wananipigia makofi.

Mjinga mkubwa.

Baba analima tumbaku Urambo. Mimi shule niliiachia kidato cha pili, na badala ya kurudi shambani nikanunua kamera. Mzee akasema mwanamume halishi watoto kwa kuchungulia watu. Tangu siku hiyo, kwenye kila sherehe ya ukoo, nikimwelekezea lenzi anageuza uso. Nimepiga baba za watu mpaka vidole vimeota sugu. Wangu, na mimi pembeni yake, sina hata moja.

Halafu wiki mbili zilizopita dada yangu Kulwa akapiga simu. Mzee kasema uje umpige picha. Moja tu. Na wewe uwemo.

Na wewe uwemo! Nilikalia ndoo yenye maji nisijue. Kesho yake ndiyo nikaenda kwa mtani kununua stendi.

Leo saa nne nikafika Urambo. Shikamoo, marahaba. Nikamweka Mzee mbele ya bani la kukaushia tumbaku, nikaseti kamera ijipige baada ya sekunde kumi, nikakimbia nyuma ya kiti. Nikiwa nimesimama pale nimetabasamu, nikaiona lenzi inashuka polepole, kama mjumbe anayesinzia kikaoni. Tulipotazama: viatu vya Mzee na magoti yake.

"Mashine yako imechoka kabla yangu," akasema. Akacheka. Baba yangu, na mimi, tukacheka pamoja.

Kulwa akasema, "Kaka, niwapige mimi kwa simu basi, si bado amekaa hapo hapo?"

Nami, fundi wa dunia nzima, nikamjibu, "Baba yangu hapigwi na simu."

Nikakaza skrubu. Ikainama tena. Nikakaza kwa koleo. Plastiki ikalia ta! kichwa kikageuka, lenzi ikavuta mbele, na miguu myepesi ya stendi ikafuata bila ubishi. Kamera ikapiga jiwe. Mpaka naandika haijawaka.

Mzee akainuka kwenye kiti. Akavua koti, akalikunja, akampa Kulwa.

"Nilisema moja."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angefoka. Akachukua ndoo akaenda kumwagilia miche ya tumbaku. Kulwa akamwita, simu ameshaishika mkononi. Hakugeuka.

Nimeshuka Tabora, sikufika hata nyumbani, nimeenda dukani na stendi yangu iliyovunjika. Mtani kuniona tu: "Wee, umerudisha fimbo ya babu?" Nikalipuka. Nimemtukana Kiswahili, nikamaliza na Kinyamwezi. Duka zima likanigeukia, kwa sababu mtani hafokewi, hata msibani. Yeye hakucheka. Alikichukua kile kichwa, akakitazama mpasuko.

"Lakini si nilikwambia?"

"Uliniambia huku unacheka!"

"Sasa ningekwambiaje? Wewe ni mtani wangu."

Mtu pekee aliyeniambia ukweli ndiye niliyekuwa nimeapa kutomsikiliza. Hasira ninayo tele na sina wa kumpa. Yeye hana kosa. Mzee hana kosa. Plastiki nayo ni plastiki.

Wewe unayesoma na unatafuta stendi, nenda na kamera yako na lenzi yako nzito kuliko zote. Ifunge hapo hapo dukani, iinamishe, subiri. Kichwa kikishuka hata unywele, rudisha. Wakikucheka, wacheke.

Kamera itapona au haitapona. Mzee sijui kama ataniita tena, na umri wake ninaujua.

Na ile picha niliyojisifia, haipo. Nimedanganya. Mimi sina bahati, na sina picha na baba yangu.