Punda wa Mjomba Zewdu

Gondar, wiki baada ya Pasaka

Mpwa wangu Wubit,

Siku niliyoingia hospitali, kazi zote zilisimama ili tumbo langu litazamwe. Huku tu wazima. Jogoo wangu amefukuza mbwa wawili.

Ile damu ya chooni uliyonisihi nikapimwe, niliidhani minyoo, maana Gondar nzima hakuna anayenishinda kula nyama mbichi. Mwaka mzima nikanywa koso, dawa yetu ya minyoo, huku nikikucheka. Laiti ningekusikia.

Binti daktari alinipaka jeli, akapitisha altrasaundi tumboni, akaniambia:

"Baba, hii si minyoo. Ukuta wa utumbo mpana umevimba hapa. Huenda ni saratani, ila mpaka tuingize kamera tuhakikishe."

"Mdomoni?"

"Nyuma, baba."

"Ngoja kwanza nikamfunge punda wangu."

"Mfunge vizuri, urudi leo leo."

Sijarudi. Amenipigia simu niende Jumatatu, anasema tukiwahi huenda nikapona. Njoo, Wubit, unishike mkono mpaka mlangoni. Mimi niliyemkaba fisi koo niliikimbia kamera. Na punda sina, mwanangu. Nilimuuza kabla hujaolewa.

Mjomba wako,
Zewdu