Mawimbi Yasiyo na Upepo

4 Mei

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na huyo aliye tumboni mwako naye mpe zake. Mimi mzima kwa neema ya Mungu, miguu tu ndiyo inalalamika kwa kusimama kwenye karo la kufulia.

Wewe wa ofisi ya hali ya hewa, hebu nieleze. Siku ya tatu leo hakuna upepo hata wa kutikisa shuka moja kambani. Lakini kule kwenye mwamba mawimbi yanasimama marefu kama mlango! Wageni tunaowalaza hapa, hawa wanaoteleza juu ya mawimbi kwa mbao zao, wanashangilia kama waliopata urithi. Nani anayasukuma? Najua ni Mungu, lakini anatumia nini?

Mama yako

11 Mei

Shikamoo mama,

Nimecheka mpaka mtoto akanipiga teke. Mungu anatumia dhoruba, mama, iliyo kusini mbali mno. Mawimbi mafupi huchoka njiani, marefu ndiyo hufika. Utayajua kwa kuhesabu sekunde kutoka wimbi moja hadi lingine. Nane, tisa, kumi, hayo ya kawaida. Yakipita kumi na nne yana nguvu ya kuifunga ile njia ya boti kwenye mwamba. Kipimo chetu cha huko kisiwani kimeharibika, basi nihesabie kila asubuhi.

Daktari amesema ni mwisho wa mwezi. Njoo, mama. Naogopa kuzaa bila wewe.

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Hujambo na uzito huo? Usibebe ndoo.

Kazi uliyonipa tamu kweli! Saa yangu haina mshale wa sekunde, kwa hiyo nahesabu kwa sala. Nilijipima kwa saa ya mgeni mmoja: "Mungu nihurumie" moja, sekunde moja kamili. Jumatatu nane, jana tisa. Nahodha wa boti amesikia habari, sasa haondoki bila kupita uani: "Mama Mawimbi, leo vipi?" Namjibu kama mkurugenzi, na povu mikononi.

Tarehe 26 napanda boti. Nisubiri.

Mama yako

23 Mei

Mama, shikamoo,

Naandika mbiombio. Chati zetu zinaonyesha dhoruba kubwa. Mawimbi yake yatafika kwenu tarehe 25 au 26, sekunde kumi na sita au zaidi. Hesabu vizuri. Nakutaka hapa, lakini nakutaka mzima.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Sijui nikuulize hali vipi, maana sijui kama umeshajifungua.

Asubuhi ya tarehe 26 nilihesabu kumi, nikamwambia nahodha twende. Tulishakaa kwenye boti, watu kumi na watatu na mizigo yetu, ndipo akanipa barua yako. Nikaisoma. Nikatazama gatini, nikamwona mgeni mmoja anatoka majini, ubao wake umekatika vipande viwili. Nikamwomba saa yake. Kwa saa, kumi na saba. Kwa sala, kumi ile ile.

Nilikuwa naivuta sala, mwanangu. Sikukusudia, lakini nilitaka sana kuja, na ulimi ukajua. "Mungu... nihurumie..." Namwomba Mungu huku namburuta.

Nikasimama nikawaambia wote. Muuza mayai akaniwakia: "Sasa hivi kumi, sasa hivi kumi na saba! Mama, rudi kwenye sabuni yako!" Nikamwambia, "Nitarudi, baba, lakini na wewe shuka." Nahodha akazima injini.

Kufika adhuhuri ile njia ilikuwa nyeupe ukingo hadi ukingo. Siku saba haikupita boti. Siku saba ulizoniita.

Kesho boti inaondoka, mgeni amehesabu kwa saa yake. Barua hii naileta mwenyewe, kwa sababu nikikutazama usoni sitaweza kuyasema haya. Nitakupa mkononi, kisha nitatoka nje. Ukimaliza kusoma, niite.

Mama yako