Kikombe cha Unga, Kikombe cha Sukari

Mji wa Kale, Mombasa, 1996

Mjukuu wangu Rukia,

Nakusalimu kwa mapenzi. Sisi tuko, ila babu yako macho yamezidi kufifia. Umeniuliza kikombe cha unga kina uzito gani, maana huko uliko unapimia mizani.

Nilipokuwa kigori, mama yangu aliugua sana, akatamani mkate wa mayai. Yeye hupima kikombe cha sukari kwa kikombe cha unga. Mimi nikajitia ujuzi, nikavipima kwa mizani, uzito sawasawa. Mkate ukatoka mgumu. Mama akatafuna, akashindwa kumeza.

"Unga ni mwepesi, mwanangu," akaniambia taratibu. "Kikombe chake hakifikii uzito wa sukari."

"Niwie radhi, mama. Kesho nitakupikia mwengine."

Kesho yake tukamzika.

Basi andika: kikombe cha sukari ni gramu mia mbili, cha unga mia na ishirini tu. Tangu hapo nimepika mikate mingi, ya harusi na ya Idi, na yote huumuka. Watu husifu, lakini hakuna mkate hata mmoja uliomfikia mama.

Nakuombea kila nikisali,
Nyanya yako